Winchi Iliyomkataa Mjomba Ewoi

Naikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile ya Lodwar ambapo neti ya magunia ya mahindi ilisimama hewani, katikati ya sakafu na paa, ikakataa kupanda na ikakataa kushuka. Wanaume wazima walikuwa wameshika viuno, shingo zimepinda, wanaitazama kama kuku wanaotazama mwewe.

Usinune kwa kuitwa mwanangu. Najua wewe uko darasa la sita pale Kakuma, mimi niko kidato cha pili tu, na mama yangu bado hunituma chumvi mbele ya wageni. Lakini wazee wetu wana nasaha za ngamia, nasaha za mvua, nasaha za kuoa. Za umeme hawana hata moja, maana umeme wameukuta juzi, siku moja na sisi. Kwa upande wa umeme, basi, mzee ni mimi. Kaa chini, uache kuchokora pua.

Ilikuwa likizo. Nilikuwa nimekaa kwa mjomba wangu Ewoi, kaka ya mama, nikingoja lori la kunipeleka nyumbani. Unajua malori ya Kakuma: hayana saa, yana tabia. Hili nililolingoja lilikuwa la mahindi ya msaada, kwa sababu ukame ulikuwa umekaza mwaka ule na hata punda walianza kutazamana kwa macho ya njaa. Mahindi yalikuwa ndani ya stoo kubwa ya mabati karibu na mto Turkwel, na mtu wa kuyapandisha kwenye lori alikuwa mjomba. Kwa hiyo Kakuma nzima ilimngoja mjomba, na mjomba aliingoja winchi.

Nikueleze hiyo winchi, maana wewe hujaiona. Ilikuwa mota iliyokaa juu ya reli ya chuma chini ya paa, inakwenda na kurudi kwa reli hiyo, na mnyororo wenye kulabu unashuka kutoka tumboni mwake. Pembeni uliteremka waya mnene mweusi wa mpira, na mwisho wa waya kuna kiboksi cha batani unachokishika mkononi: panda, shuka, nenda, rudi. Umeme ulitoka kwa jenereta iliyokuwa ikinguruma nje. Watu wanajaza neti, wanaitundika kwenye kulabu, mjomba anabonyeza, mahindi yanapaa kama yameokoka. Wapagazi waliipenda winchi ile kuliko walivyowapenda ndugu zao, kwa sababu kabla haijaletwa, winchi ilikuwa migongo yao.

Kisha ikaanza ugonjwa wa kuja na kwenda.

Kuna magonjwa yenye adabu, mwanangu. Mota ikiungua inatoa moshi, inanuka, mji mzima unajua, fundi anaitwa. Huu mwingine hauna adabu kabisa. Leo winchi inafanya kazi kutwa nzima inaimba. Kesho katikati ya mzigo, kimya! Unabonyeza, hakuna kitu. Unabonyeza tena, unaita jina la Akuj, Mungu wetu, hakuna kitu. Halafu unapokata tamaa na kuweka kiboksi chini, mtu mwingine anakichukua, na winchi inaamka kana kwamba ilikuwa inapiga miayo tu.

Kila mtu pale stoo alikuwa na dawa yake. Lokeno, mpagazi mmoja mwenye mdomo mpana na mikono mipana zaidi, alikuwa anakipiga kiboksi kofi la shavu. Mwingine alikimbilia nje kuzima jenereta na kuiwasha upya. Mwingine alitema mate sakafuni. Na balaa ni kwamba dawa zote ziliponya, hata ya mate. Dawa yako ikiponya leo, huwezi tena kumsikiliza mwenzako; kila mtu anaondoka pale akijiona daktari, na mgonjwa anabaki na ugonjwa wake. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hawakuwa wamefika Lodwar.

Sasa sikiliza jambo lililokuwa linamla mjomba. Winchi ilikuwa inazimika mkononi mwake. Si mkononi mwa Lokeno, si mkononi mwa mtu mwingine yeyote. Ilikuwa mkononi mwake tu.

Watu wakaanza kulisema neno hilo, kwanza chini chini, halafu kwa sauti ya kawaida: Ewoi ana mkosi. Lokeno, ambaye yeye na mjomba walikuwa wanakula sahani moja tangu zamani, akawa kila adhuhuri anasema ameshiba. Ameshiba nini, na sote tulikuwa tunaona mbavu zake? Alipendekeza pia mbuzi achinjwe ili winchi itulie. Lakini hilo, nadhani, halikutoka kwenye imani, lilitoka kwenye mbavu.

Mkubwa wa stoo, ambaye sote tulimwita Bwana Stoo, hakuamini mkosi. Alikuwa ametoka Kenya, kama tunavyoita huku sehemu za kusini, kana kwamba sisi tuko mwezini. Alikuwa mtu wa kanisa, kalamu mfukoni, soksi mpaka magotini hata kwenye lile jua. Yeye alikuwa na neno baya kuliko mkosi.

"Ewoi," alimwambia mjomba asubuhi ile, neti ikining'inia nyuma yake, "fundi anakuja leo mara ya pili. Akikosa kuona ugonjwa tena, mimi nitaweka mtu mwingine kwa hii winchi. Siwezi kuwaambia wakubwa kwamba mashine inakuchukia."

"Sawa, bwana," mjomba akasema.

Sawa tu! Mjomba ni mtu wa namna hiyo. Ukimkanyaga anakuuliza kama mguu wako umeumia. Lakini mimi nilijua hali yake. Mbuzi wake walikuwa wameisha kwa ukame, na ng'ombe walikuwa hadithi ya baba yake. Ile winchi ndiyo iliyokuwa kundi lake. Ikichukuliwa, angerudi nyumbani kufanya nini? Kuchunga upepo?

Fundi akafika na baiskeli, sanduku la vyuma limefungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa Mzee Wafula, mtu wa upande wa mlima Elgon, aliyetengeneza jenereta na pampu za maji za mji wote huku akiimba tenzi za kanisani kwa pua. Alikuwa amejifunza salamu zetu.

"Ejok?"

"Ejok-nooi," tukajibu.

"Hii dada yenu imekataa tena?"

"Imekataa kabisa, mzee," Lokeno akasema. "Inataka mbuzi."

"Wewe ndiye unataka mbuzi."

Bwana Stoo akafanya yale yale aliyofanya mara ya kwanza, na hapa ndipo nataka ufungue masikio. Alipiga makofi, akaamuru stoo isafishwe ili fundi afanye kazi kwa nafasi. Wapagazi wakatolewa mpaka nje ya mlango. Akina mama waliokuwa wameketi mlangoni kwenye mwanga, wakishona magunia yaliyopasuka njiani na kupepeta mahindi yaliyomwagika, nao wakaambiwa wachukue sindano na nyungo zao wakae uani. Sakafu ikafagiliwa. Mimi sikutolewa kwa sababu nilikuwa nimelala juu ya rundo la magunia, na mtu aliyelala juu ya magunia hufanana sana na gunia.

Fundi alichukua kile kiboksi, akasimama katikati ya sakafu safi, akabonyeza. Neti ikashuka chini taratibu kama mtoto mwema.

Akabonyeza panda: ikapanda. Nenda: ikaenda. Akazima jenereta kwanza, na hili ulishike hata kama utasahau mengine yote, alizima umeme ndipo akafungua kifuniko. Akakaza skrubu, akatoa fyuzi akazitazama kwenye jua kama mama anayetafuta kijiwe kwenye mchele. Akawasha tena, akapima hapa na pale kwa kitaa chake cha nyaya mbili. Kitaa kiliwaka kila alipokigusisha. Winchi ilikuwa nzima kama yai.

"Mwite anayeiendesha," akasema.

Mjomba akaingia. Akapewa kiboksi, akasimama pale pale katikati ya sakafu alipokuwa fundi. Akabonyeza. Ikapanda, ikashuka, ikaenda, ikarudi. Haikusita hata kidogo.

Ungedhani tungefurahi. Bwana Stoo alivua miwani.

"Kumbe," akasema polepole. "Kumbe mbele ya fundi inakubali. Ewoi, wewe unaizima makusudi upate kupumzika?"

Unaona, mwanangu? Mkosi angalau si kosa lako. Mkosi unaweza kuoshwa, mzee akakupaka udongo, yakaisha. Lakini mvivu anayeangusha chakula cha wenye njaa, huyo haoshwi na kitu. Mjomba akaweka kiboksi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatoka nje. Wapagazi wakampisha njia kubwa kuliko iliyohitajika.

Fundi alikuwa anarudisha vyuma vyake kwenye sanduku, hata kuimba ameacha. Bwana Stoo alikuwa anamwambia Lokeno ajitayarishe, yeye ndiye atakayeshika winchi kuanzia lori hili. Na Lokeno, mdomo wake wote ule, alikuwa anatazama chini.

Mimi nina ugonjwa, wewe unaujua. Mahali pakiwa pazito nashindwa kukaa. Darasani nimechapwa kwa kumwiga mwalimu mkuu akiwa nyuma yangu. Kanisani nimechapwa kwa kumwiga katekista akiwa mbele yangu. Nilishuka kutoka kwenye magunia, nikachukua kile kiboksi, nikamkonyeza Lokeno pale mlangoni ili angalau acheke.

Nikamwigiza mjomba akiwa kazini.

Sikusimama katikati ya sakafu. Mjomba hasimami katikati ya sakafu. Nilikwenda nyuma ya nguzo ya chuma, ile ya upande wa giza, nikaupa mlango mgongo. Nikavuta kofia mpaka puani. Nikaingiza shingo mabegani kama kobe. Mkono wa kiboksi nikaurudisha nyuma, ukazunguka nguzo, waya ukakazwa kama kamba ya mbuzi mkaidi. Kisha nikaita kwa ile sauti yake ya kuomba msamaha: "Lokeno! Lokeno, ndugu yangu, mimi sioni! Niambie kama iko juu!"

Wapagazi wakavunjika mbavu. Nikabonyeza panda.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Kimya. Jenereta nje inanguruma, winchi imekufa. Kicheko mlangoni kikakatika kama kimepigwa panga, na nyuma yangu nikasikia bisibisi ikianguka kwenye saruji.

"Sikugusa kitu, mzee!" nikasema, huku nikitafuta kwa macho mlango mwingine.

"Rudia," Mzee Wafula akasema.

"Nilikuwa nacheza tu."

"Nimesema rudia. Hivyo hivyo. Na huo mgongo upinde vile ulivyoupinda."

Katika maisha yangu yote ya kuchekesha watu, hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu mzima aliniomba kurudia. Nikapinda mgongo, nikavuta waya, nikabonyeza. Kimya. "Legeza mkono," akasema. Nikalegeza, winchi ikaanza kupanda. "Vuta." Nikavuta, ikafa. Fundi akaja mpaka kwenye ile nguzo, akaigusa, akatazama kiboksi, akatazama mlango.

"Ewoi husimama hapa?"

Wapagazi wote waliingiwa na hamu ya kutazama vidole vya miguu yao.

"Nauliza, Ewoi husimama hapa? Kwa nini mtu mwenye akili asimame nyuma ya chuma, ampe mzigo mgongo?"

Wote walijua kwa nini. Wewe pia umeshajua, kwa kuwa wewe ni mtu wa kwetu. Lakini kulitamka mbele ya mgeni, na mwenyewe amesimama pale nje anasikia, na yule mwingine ameketi uani na sindano yake, nani angeanza? Basi nikasema mimi, maana sifa yangu ilikuwa imeharibika zamani.

"Ni kwa sababu ya mama wa mke wake, mzee. Huwa anakaa pale mlangoni, anashona magunia."

Labda hadithi hii itamfikia mtu wa Kenya, basi nimfafanulie kidogo. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapitani karibu, hawaketi pamoja. Si ugomvi, ni heshima. Siku ambazo magunia yamekuja mazima, yule mama hakuitwa kazini, na mjomba alisimama popote akabonyeza bila shida. Siku ambazo magunia yamekuja yamepasuka, mama alikuja, akaketi mlangoni penye mwanga, na mjomba akajificha nyuma ya nguzo akavuta waya. Na kila fundi alipokuja, akina mama walitolewa nje, nguzo ikakosa kazi. Bwana Stoo alikuwa akiufagia ugonjwa pamoja na makapi.

Mzee Wafula aliketi juu ya gunia. Nikadhani amezidiwa na joto. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha mafuta, uso ukawa na masharubu meusi.

"Mimi," akasema, "mama mkwe wangu alipokuja mara ya kwanza nyumbani kwangu, nilitokea dirishani. Na dirisha lilikuwa dogo! Nyinyi mlidhani sisi watu wa huko hatuna aibu? Mngeniambia neno moja tu, hilo la mkwe, ningeuona huu waya siku ile ya kwanza."

"Hakuna aliyejua kwamba ni waya, mzee," Lokeno akasema.

"Sikutaka mjue waya. Kujua waya ni kazi yangu. Nilitaka mniambie mtu anasimama wapi." Akaacha kucheka. "Mmenileta kwa mgonjwa. Kabla sijafika mmemwogesha, mmempaka mafuta, mmemvika shati la Krismasi, mmemkataza kukohoa. Mimi nitatibu nini? Shati?"

Bwana Stoo akairudisha miwani machoni, akagundua kwamba sakafu aliyoifagilia ilikuwa safi sana.

Kisha fundi akanigeukia mimi. "Na wewe. Huo mchezo umeujua tangu lini?"

"Siku zote, mzee. Nyumbani kwake hunitaka niuonyeshe jioni. Hata mke wake hucheka."

"Jioni zote hizo umeshika ugonjwa mkononi, unauchezea kama mpira wa matambara." Hakunikaripia kwa sauti kubwa, ingekuwa nafuu. "Kijana, kuona unaona kuliko hawa wote. Lakini ukishacheka unafunga duka. Siku nyingine cheka, halafu ukimaliza kucheka, jiulize: kwa nini anafanya hivi, na kuna nini kinachotokea akifanya hivi? Hilo tu lingemwokoa mjomba wako asile peke yake, kama ninavyosikia."

Nimechapwa na walimu wa kila aina, mwanangu, wenye fimbo na wenye mkanda. Hakuna kiboko kilichonikaa kama lile neno la kula peke yake.

Jambo lililofuata lilinishangaza. Nilidhani sasa atakata waya, atatengeneza, tutapakia, tutaondoka. Yeye akakataa kugusa. "Nimeuona kwa mtoto," akasema. "Nataka kuuona kwa mwenyewe, siku ya kazi." Akaamuru kila kitu kirudi kilivyokuwa: akina mama mlangoni, wapagazi kwenye neti, mahindi kwenye neti, mjomba kwenye nguzo.

Basi yule mama akarudi, mwanamke mrefu, shanga zimejaa shingo mpaka kidevuni, sindano ya magunia imesimama kati ya vidole kama mkuki. Tulimwita Ata, bibi, sisi wote. Akaketi mahali pake. Mjomba akapita kwa mlango wa nyuma, akashika nguzo yake, akavuta kofia. Neti ikafungwa. Akabonyeza. Mahindi yakapanda kidogo, yakasimama hewani.

Hakuna mtu aliyesema mkosi. Kila mtu alikuwa anautazama ule mkono unaovuta waya.

Ata hakuwa mjinga. Alitazama neti, akatazama watu wanatazama wapi, akaelewa. Hakumgeukia mjomba, aliniita mimi.

"Wewe kelele. Muulize huyo fundi: ni mimi nimekuwa nikimaliza kazi ya mtoto wa watu, kwa kukaa tu hapa?"

Sauti yake ilikuwa ndogo. Sikuwahi kuisikia ndogo.

Kabla sijauliza, fundi akajibu, "Si wewe, mama. Ni waya."

"Mwambie mimi naweza kuacha kuja. Magunia yatashonwa na wengine."

Hapo, kutoka nyuma ya nguzo, mjomba Ewoi akasema. Aliiambia nguzo, uso kwenye chuma, lakini aliiambia kwa nguvu mpaka mabati yakasikia. "Mwambie mama asiende popote! Mwanga mzuri uko pale mlangoni. Waya ndio uende!"

Nikampelekea ujumbe, hatua chache tu, kama posta. Ata akaweka uzi kwenye sindano. "Mwambie nimesikia," akasema. Huo ndio mkutano mrefu zaidi kuwahi kutokea kati yao, na mimi ndimi niliyekuwa barabara yake.

Fundi akazima jenereta, akapasua mpira wa waya pale unapoingia kwenye kiboksi. Nje mpira ulikuwa mzima, hata kung'aa. Ndani, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika kwa kuvutwa kila siku, zimebaki zinagusana ncha kwa ncha kama mbuzi waliolala wakiegemeana vichwa. Waya ukilegea, zinagusana, umeme unapita. Ukivutwa, zinaachana. Kofi la Lokeno lilikuwa linazitikisa zikutane. Kuzima jenereta kulifanya kazi kwa sababu mjomba alipumzisha mkono akingoja. Hata yale mate yalikuwa na sababu: mtu akitema, wote huruka pembeni, naye mjomba pia.

Alikata kipande kibovu akakitupa. Lakini akasema akiishia hapo tutamwita tena, kwa kuwa nguzo haitahama na mkwe hatahama. Akaenda na baiskeli, akarudi na waya mwingine mrefu zaidi. Kisha akafunga kamba ya mkonge sambamba na waya, fupi kidogo kuliko waya wenyewe, toka juu kwenye mota mpaka kwenye kiboksi. "Sasa Ewoi avute anavyotaka," akasema. "Anavuta kamba. Waya hauna habari."

Jioni lori lilikuwa limejaa. Bwana Stoo alimwendea mjomba pale kwenye nguzo. Ni mtu wa ofisi, maneno ya kuomba radhi hayajui vizuri, alisimama kando yake kwanza, akakohoa, akasema, "Ewoi, nilisema vibaya. Winchi ni yako." Mjomba akasema sawa, bwana. Na Lokeno akaja na sahani ya ugali na maharagwe, akaiweka chini katikati yake na mjomba, akaanza kula bila kualika mtu, kama zamani.

Mimi nilipanda juu ya magunia, tukaondoka kuelekea Kakuma, na njia nzima sikumwiga mtu yeyote. Sawa, nilimwiga dereva. Lakini nilijiuliza kwa nini anakanyaga breki mara tatu, nikamuuliza, na kumbe breki zake zilikuwa na hadithi ndefu ambayo sitakuhadithia kwa sababu tungali hai.

Sasa nasaha, mwanangu, maana nimekuweka chini muda mrefu na makalio yako yana ganzi.

Kitu kikiharibika moja kwa moja, kitengeneze. Kikiharibika kwa kuja na kwenda, usikimbilie kukipiga makofi; kofi likifaulu limekuibia dalili. Kaa uangalie. Nani alikuwepo, alisimama wapi, mzigo ulikuwa wapi, mwili ulikuwa umepindaje. Usifagie kabla fundi hajaona. Mficha maradhi kilio humfichua; na sisi tulikuwa hatufichi maradhi, tulikuwa tunaficha heshima, lakini kilio kilikuwa njiani vile vile. Kama kuna jambo la kwenu linalokufanya usimame nyuma ya nguzo, mwambie fundi. Huenda na yeye ana dirisha dogo alilotokea. Na usimwite mtu mkosi kwa sababu kitu kimevunjika mkononi mwake. Kwanza tazama kilichokuwa kinauvuta mkono huo. Kama wewe ni mcheshi kama mimi, cheka, Akuj hakutupa meno kwa ajili ya nyama tu, ila usiondoke baada ya kicheko.

Nenda basi. Mvua ikupate ukiwa karibu na nyumba, mbuzi wako wazae mapacha, na mwalimu wa hesabu aite mwingine ubaoni. Ukishika kazi, isikukatae mkononi. Na siku ikikukataa, apatikane mtu mmoja kati ya wanaokuzunguka atakayeacha kukutazama usoni, akatazama unaposimama.